Mgeni wa Siku ya Tatu: Kijana wa Bondo Ndani ya Mji wa Mvita

Iko methali ambayo kila mtoto wa mwambao ameisikia kabla hajajua kuhesabu: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu huitamka kwa kicheko, pale mgeni anapokuwa mzito wa kuaga na mchele wa ndani umeanza kupungua. Tumeizoea hata tumeigeuza kifagio cha kumfagilia mtu nje. Lakini tuitazame vyema. Wazee hawakusema ya tatu mpe bakora, wala ya tatu mfungie mlango. Walisema mpe jembe. Na anayepewa jembe huonyeshwa na shamba. Naye aliyekwisha kuonyeshwa shamba amekuwa mtu wa hapo.

Basi ndani ya methali hii mna madeni mawili. Deni la mgeni ni kutokaa akala jasho la wenzake. Deni la mwenyeji ni kuwa na jembe la kumpa, au kumwambia kweli kwamba hana. Lile la kwanza tunalijua sana, na tunalidai kila siku. La pili tumelisahau. Leo, ndugu msomaji, nataka tulizungumze hilo la pili, kwa kumtazama kijana mmoja wa Bondo aliyeshuka Mombasa kutembea na kutafuta kazi.

KIJANA NA KWAO

Bondo iko Siaya, upande wa kaskazini wa ghuba ya Winam, magharibi ya Kisumu. Ni nchi ya wavuvi na wakulima. Pwani ya ziwa, kama Usenge, Uhanya na Lwanda Kotieno, watu huvua ngege, mbuta na omena, yaani dagaa. Ndani ya nchi hulima mahindi na mtama, na wengine huchimba dhahabu kwa mikono katika mashimo ya hatari. Huko ndiko alikozaliwa Jaramogi Oginga Odinga, ndiko alikozikwa mwaka 1994, na ndiko alikozikwa mwanawe Raila mwezi wa Oktoba 2025. Tangu mwaka 2013 Bondo ina chuo kikuu kamili chenye jina la Jaramogi. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa kijana huyu ametoka gizani. Lakini chuo kikuu hakimwajiri kila mtoto aliyezaliwa karibu na lango lake. Na ziwa nalo limechoka. Wavuvi wamekuwa wengi, samaki wamepungua, na gugu maji likija huziba ghuba hata mtumbwi usipate pa kupita.

Kijana ninayemtaja, na jina lake nalihifadhi kwa kuwa hakuja kutafuta kuandikwa gazetini, ana umri wa miaka ishirini na miwili. Amemaliza kidato cha nne. Baba yake ana mashua moja ya kuvulia, na ndugu ni wengi kuliko makasia. Alipanda basi la usiku Kisumu, akafikia kwa mjomba wake Chaani, si mbali na bandari, katika chumba kimoja chenye watu watano. Alimwambia mjomba wake kwamba amekuja kuona bahari, kuona Ngome, na kutafuta kazi. Mjomba akacheka, akamjibu kwamba la kwanza na la pili hayana shida.

Nilimkuta siku ya pili ya safari yake mbele ya lango la Ngome, akisoma kibao cha viingilio na kuhesabu fedha zilizokuwa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Bondo, mzee. Ni mbali."

Nikamwambia Bondo si mbali sana, reli iliyoanzia hapa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa ziwa lao Desemba 1901. Akatabasamu. Tukaingia pamoja.

NGOME NA MLIMA

Habari za Ngome ya Yesu wengi wenu mnazijua, nami nilimweleza kwa ufupi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira mwaka 1696, na haikuanguka ila Desemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi yaliyowamaliza waliokuwa ndani. Waingereza wakaifanya jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Mwaka 1962 ikawa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Nilimwonyesha michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, na vitu vilivyopatikana katika merikebu yao, Santo Antonio de Tanna, iliyozama hapo chini ya Ngome mwaka 1697.

Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akaniuliza swali ambalo watalii hawaniulizi.

"Mzee, waliobeba haya mawe walilipwa?"

Nilimjibu kuwa vitabu vimeweka jina la aliyechora ramani na majina ya makapteni. Ya wachukuzi wa mawe havikuweka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jirani yake.

Tulipopanda juu ya ukuta, bahari ikiwa mbele yetu, alisema kwamba kwao nako kuna mahali pa kale. Akanitajia Got Ramogi, mlima wenye msitu ulioko Yimbo, katika Bondo hiyohiyo. Kwa mapokeo ya Wajaluo, hapo ndipo wazee wao, wakiongozwa na Ramogi, walipopiga kambi ya kwanza walipoingia nchi hii ambayo leo ni Kenya. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, aliyeandika historia ya watu hao katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, alikadiria kuwa kufika kwao kulikuwa katika karne ya 15 na ya 16. Hesabu hiyo ina maana kubwa. Mreno alipokuwa akichimba msingi wa Ngome, watu wa Ramogi walikuwa wamekwisha kuwasha moto wao kando ya ziwa. Na upande wa kusini wa ghuba, huko Migori, kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, na kuta zake zimesimama mpaka leo. Nayo UNESCO iliyaandika mwaka 2018.

Nayataja haya kwa sababu sisi watu wa mwambao tuna maradhi yetu ya kale. Tunadhani historia huanzia penye jiwe na chokaa, na huishia pale reli inapoanza kupanda mlima. Mtu akitoka bara, hata awe na nasaba ya vizazi ishirini, tunamwona kama aliyezaliwa jana. Kijana huyu hakuja kuazima historia kwetu. Alikuja na yake mfukoni, akitaka tu kuiona ya wenzake.

Tukashuka Mji wa Kale. Tulipita Ndia Kuu, akasimama mbele ya milango ya nakshi, akaupapasa ubao kwa kiganja kama fundi. Tulipita Msikiti wa Mandhry, ulioasisiwa mwaka 1570, mnara wake mweupe ukiwa umechongoka kuelekea juu. Mwisho tukafika bandari ya kale, ambako majahazi yaliyobaki ni machache mno kuliko yale niliyoyaona utotoni. Hapo ndipo kijana alipochangamka. Alinyoosha kidole kwenye foromali na tanga.

"Hili tanga tunalo, mzee. Mashua zetu zina tanga la pembetatu kama hili."

Naye asema kweli. Mashua za wavuvi wa Winam huenda kwa tanga la namna ya majahazi yetu. Kitambaa hicho cha pembetatu kinatukumbusha kwamba njia baina ya bahari na ziwa ina miaka mingi, na kwamba katika njia hiyo sisi nasi tumepata kuwa wageni.

TULIPOKUWA WAGENI SISI

Kabla ya reli, katika karne ya 19, misafara ya Waswahili ilifika mpaka Wanga, mahali tunapopaita Mumias kwa jina la mtawala wake Mumia. Walikwenda kwa pembe na biashara, wakapewa pa kulala, pa kuweka mizigo, na wengine wakapewa wake. Uislamu ukaota mizizi huko kwa ukarimu wa watu wasiokuwa Waislamu. Huko Kisumu mpaka leo kuna mtaa uitwao Kaloleni, jina tunalolijua Kilifi, na mwingine uitwao Manyatta Arab. Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba, ina Waislamu wa Kijaluo wa vizazi na vizazi. Hakuna aliyewauliza wazee wetu wale, siku ya tatu, wataondoka lini.

Nao wa ziwani walikuja kwetu. Serikali ya Kiingereza ilitoza kodi ya kibanda, na kodi ikawa yataka fedha taslimu. Fedha hazikuwako ziwani. Zilikuwako katika mashamba ya walowezi, zilikuwako Nairobi, na zilikuwako Kilindini. Reli iliyojengwa kupandisha bidhaa ikawa inateremsha vijana.

Iko nyumba moja ambayo masimulizi yake yanatuhusu zaidi. Jirani na Bondo, katika Alego, kuna kijiji cha Nyang'oma Kogelo, kilichojulikana dunia nzima mwaka 2008 Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani. Waandishi wa kigeni walimiminika huko kuuliza habari za Marekani. Mtu wa mwambao angeuliza swali jingine: babu wa rais huyo aliitwaje Hussein?

Kwa masimulizi ya jamaa zake, Onyango alikuwa kijana asiyetulia mahali pamoja. Alikwenda Nairobi kwa miguu, safari ya zaidi ya wiki mbili. Akafanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu, akachukuliwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, na baada ya vita akaishi Unguja kwa muda. Aliporudi ziwani alikuwa Mwislamu, na jina lake Hussein Onyango. Unguja ilimpa mgeni yule kitu alichokaa nacho maisha yake yote. Mjane wake, Mama Sarah, alipofariki mwezi wa Machi 2021, alizikwa Kogelo kwa taratibu za Kiislamu.

Sasa tazama kilichompata mwanawe. Katika miaka ya 1950 huyo mwana, ambaye naye aliitwa Barack, alifukuzwa shule ya Maseno, na baba yake akamtuma Mombasa kufanya kazi katika ofisi ya mfanyabiashara wa Kiarabu. Rais Obama ameyaeleza hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1995, kama alivyosimuliwa na wazee wake. Haikupita muda kijana na tajiri wakagombana, na kijana akaondoka bila kuchukua ujira wake. Akapata kazi nyingine ya ukarani, yenye mshahara mdogo zaidi. Baadaye akahamia Nairobi, na mwaka 1959 akaenda kusoma Hawaii. Yaliyofuata dunia inayajua.

Sikusudii kumhukumu tajiri yule wala kijana yule baada ya miaka sabini. Nalifikiri jambo moja tu. Baba alikuja mwambao akarudi na dini. Mwana alikuja mwambao akarudi bila mshahara. Bahari ni ileile na watu ni walewale. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakusema mfanyakazi wa kabila gani, wala hakusema asiwe na kiburi cha ujana.

SIKU YA TATU

Siku ya tatu ya kijana wetu ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Alikwenda kusimama langoni mwa bandari pamoja na wengine, wenyeji na wageni, wakingoja kuitwa. Hakuitwa. Siku zilizofuata alizunguka maghala ya Shimanzi, viwanda vya Changamwe, na hoteli za Nyali. Alinisimulia kwamba kila mahali swali lilikuwa moja: "Nani amekutuma?" Hakuulizwa anajua nini, aliulizwa anamjua nani. Mtu mmoja alimwahidi kazi ya ghalani kwa sharti la kutanguliza "chai". Mjomba akamkataza, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuinywesha watu chai hiyo na kazi asiione.

Hapa inafaa tukumbuke neno letu "kibarua". Asili yake ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili aonyeshe kwamba amefanya kazi na anastahili kulipwa. Neno lilizaliwa huku kwetu, na baadaye likawa jina la mtu mwenyewe. Mtu akaitwa kwa kikaratasi chake! Vibarua hao ndio walioujenga utajiri wa Kilindini. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma kwa pamoja: wa bandari, wa reli, wa hoteli, mpaka wapishi wa majumbani. Walikutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na miongoni mwao walikuwamo Wamijikenda, Waswahili, Wajaluo, Wakamba na Wakikuyu. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma tena, na aliyekuja kusaidia kupatanisha ni Tom Mboya, kijana ambaye asili ya wazazi wake ni kisiwa cha Rusinga, katika ziwa hilohilo. Basi hata kipato cha kuli wa Kimvita kiliongezeka kwa ulimi wa mtu wa Nyanza. Hilo nalo tusilisahau.

Jembe limekwenda wapi, basi? Limekwenda mahali pengi. Zamani meli ikitia nanga, genge zima la makuli lilishuka ngamani kubeba magunia mgongoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 yakaingia makasha ya chuma, na winchi moja ikafanya kazi ya magenge. Mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba makasha ya waagizaji yapande reli hiyo moja kwa moja hadi bara. Watu wa Mombasa wakaandamana, kwani madereva, mautingo, wapakuzi, mama ntilie na wenye gereji, wote walikuwa wakila kwenye malori. Septemba 2022 Rais Ruto aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Lakini gereji iliyofungwa haifunguki kwa agizo peke yake. Hoteli nazo zilipigwa mara mbili: kwanza pale nchi za nje zilipowatahadharisha watu wao mwaka 2014 kwa ajili ya mashambulizi ya kigaidi, kisha kwa maradhi ya korona mwaka 2020.

Kwa hiyo mwenyeji naye analia. Kijana wa Kisauni au wa Likoni ana shahada mkononi na hana kazi. Aridhi aliyozaliwa juu yake ina hati ya mtu asiyemjua. Na akienda bandarini humkuta karani aliyetoka mbali. Kilio hicho ni cha haki, nami sitakuwa mtu wa kukificha. Lakini kilio cha haki kikimkosa mwenye kosa, humwangukia aliye karibu. Na aliye karibu ni mgeni wa siku ya tatu.

TULIPOTOA MOTO BADALA YA JEMBE

Msomaji wangu, yako mambo ambayo mji hupenda kuyanyamazia. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, askari wakauawa. Kisha wavamizi wakawageukia watu wa bara waliokuwa wakiishi hapo, na Wajaluo walikuwa miongoni mwao. Nyumba zilichomwa, vibanda vya biashara vikateketezwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni, wakiwa na watoto na magodoro. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mapigano hayo, na wengi waliotoa ushahidi waliinyooshea siasa kidole.

Wengi waliochomewa nyumba hawakuwa wageni wa juzi. Walikuwapo waliozaliwa hapa, waliosoma na watoto wetu na kucheza mpira nao, waliosema Kiswahili cha hapa mpaka matusi yake. Jembe walikwisha kupewa na shamba walikwisha kulima. Wengine waliondoka kwa vivuko na mabasi, wakarudi Bondo, Siaya na Homa Bay kuanza upya katika nchi ambayo watoto wao hawakuijua. Baadaye tukasikia maneno ya "Pwani si Kenya", na kila yaliposikika, kule Chaani na Changamwe watu walikumbuka moshi.

Kijana wetu alikuwa hajazaliwa mwaka 1997. Lakini usiku ule aliofika, mjomba wake alimwonyesha, pamoja na choo na bomba la maji, njia ya kukimbilia endapo siku moja itahitajika. Hayo ameniambia mwenyewe, bila chuki, kama mtu anavyoeleza mahali taa inapowekwa. Nami sikuwa na neno la kumjibu.

WATOTO WETU NAO WAPO UGENINI

Kama haya hayajatugusa, na tuelekeze macho uwanja wa ndege. Watoto wetu wenyewe, wa Mombasa, Malindi na Lamu, wanapanda ndege kwenda Saudia, Qatar na Imarati, wavulana kuwa madereva na walinzi, wasichana kuwa watumishi wa ndani. Wamelipa mawakala, wengine kwa kuuza mbuzi na dhahabu za mama zao. Wakifika huko hukutana na utaratibu wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa tajiri wake, na ijapokuwa baadhi ya nchi zimeulegeza, wapo waliozuiliwa pasipoti na waliocheleweshewa mishahara. Simu ikilia usiku kutoka Riyadh, mama wa Majengo huomba nini? Huomba mwanawe apate tajiri mwenye imani, amlipe haki yake na asimdhalilishe. Ndiyo dua ileile anayoiomba mama mmoja huko Usenge, kwa lugha yake, kuhusu mwanawe aliyeko Mombasa.

Na tukirudi nyuma zaidi, wangapi kati yetu babu zao hawakushuka hapa kwa pepo za kaskazi? Washihiri waliotoka Hadhramaut walikuwa wakiuza maji na kubeba mizigo katika mji huu, wakilala barazani. Wajukuu wao leo wana maduka, na ni wenyeji wanaouliza, "Nani amekutuma?"

JEMBE DOGO

Naifikisha habari mwisho wake. Wiki ya pili, kijana alirudi mwenyewe bandari ya kale. Kulikuwa na jahazi limepandishwa pwani kukalafatiwa. Fundi, mzee wa makamo, alikuwa akisindilia pamba kwenye nyufa za mbao, na mkono wake mmoja ulikuwa na maumivu. Kijana akamwamkia, akakaa kitako, akatazama. Baada ya muda akasema, "Fundi, huku kwenye mkuku umeruka mahali." Fundi akatazama, akakuta kweli.

Hakumuuliza nani amemtuma. Alimpa nyundo na patasi ya kukalafatia. Kisha akamwambia maneno ambayo mimi nayaona ni bora kuliko hotuba nyingi: "Kazi ni ya wiki tatu, ujira ni wa siku, na kila jioni utalipwa. Jahazi likishuka majini sina kazi nyingine, sitakudanganya." Kijana alikalafati, akapaka sifa mbavu za jahazi mpaka mikono ikanuka papa, akalipwa kila jioni. Jahazi lilipoelea, kazi ikaisha kama alivyoambiwa. Sasa anatafuta tena, na hajui kama atabaki au atarudi ziwani. Lakini neno "kudhulumiwa" halimo katika habari anazompelekea mama yake.

Fundi yule hana kiwanda, wala hakuiondoa dhiki ya Mombasa. Alichokuwa nacho ni jembe dogo na kweli, akavitoa vyote viwili. Wenye maghala na hoteli wana majembe makubwa zaidi. Na wasiokuwa nayo, kweli haiwagharimu kitu. Serikali ina deni lake la kurudisha kazi katika mji huu, na tulidai deni hilo kwa sauti, mwenyeji na mgeni pamoja, kama walivyodai wa Kiwanja cha Maskini mwaka 1947. Tusimdai mgeni deni la serikali.

Nami kwa kuwa ulimi wangu umezoea vina, neno langu naliweka katika ubeti mmoja, msomaji auchukue aende nao:

Mgeni akiingia, siku mbili ni karama,
Ya tatu ikifikia, mpe jembe na heshima,
Jembe likikuishia, mwambie kweli mapema,
Asirudi akilia, tukaachiwa lawama.